Diski Kubwa ya Polepole

"Wiki tatu baba yangu ako ndani ya hiyo mashine yako, Muthoka. Hata mochari hakukaa hivyo."

Huyo ni Wavinya, binti ya marehemu mzee Mbithi wa Mitaboni. Alikuwa amesimama kwa mlango wa duka, kiti alishakikataa. Kakake ako Doha, hakupewa ruhusa ya kuja kuzika, na kila asubuhi anapiga simu kuuliza video ya mazishi iko wapi. Wavinya alikuwa ameishiwa na uongo wa kumwambia.

Muthoka akasema laptop inavuta kidogo. Wavinya akasema hiyo haivuti, hiyo imelala. Akamkumbusha kuna kijana anaitwa Ndunda pale karibu na stendi, huyo mkizika mchana, jioni video iko kwa simu yako na nyimbo imewekwa. Akampa mpaka Ijumaa.

"Nunua mashine ya watu," akasema, akateremka ngazi.

Na ukweli, Muthoka alikuwa anajua. Folda moja kufunguka ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Pesa ya kununua ingine alikuwa nayo, ya laptop moja tu, alikuwa ameiweka tangu Pasaka. Kitu ilikuwa inamshinda ni kuamua ni gani.

Duka lake ni chumba kimoja hapo Machakos mjini, juu ya fundi wa viatu. Katikati kuna pazia. Mbele ni kazi, nyuma ni kitanda na stovu. Ako na miaka arobaini na moja. Shule aliachia kidato cha pili, kamera akajifunzia kwa harusi za watu. Harusi zikahamia vijana wenye drone, yeye akabaki na mazishi. Kalama, Mitaboni, mpaka Kyumbi huko chini, kama ulizikwa na hema mbili na spika, kuna uwezekano mkubwa Muthoka ndiye alishika kamera.

Hata mazishi ya mama yake aliyarekodi yeye mwenyewe. Sasa nani mwingine? Watu wakapanga laini kutupa udongo kwa kaburi, na yeye mikono yote miwili iko kwa kamera, anawachukua mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Yeye hakutupa. Shangazi zake wanaongea hiyo maneno mpaka leo, na yeye aliacha kwenda kwao ndio asiisikie. Tangu hiyo siku hakuna mtu amewahi kumpigia simu kumuuliza kama amekula.

Alikuwa na tabia moja tu ya ajabu. Hafuti.

Zamani alikuwa anafuta. Diski ikijaa, anafuta zile za zamani kabisa, familia si ilipewa DVD yake. Halafu siku moja akaja mama mzee kutoka Kalama anaitwa Kamanthe, viatu ameshika kwa mkono sababu ya matope. Hakuwa anatafuta mazishi ya mtu wake. Alikuwa amepoteza kijana wake, na huyo kijana hakuwa na picha yoyote ila ile ya kitambulisho. Lakini mama alikumbuka kijana alisaidia kuchimba kaburi ya jirani, miaka sita nyuma, na kamera ilikuwako. Ile DVD ya jirani ilikuwa imekwaruzika, na hata kama haingekuwa, nani ako na mashine ya DVD siku hizi.

"Keti chini, mwaitu," Muthoka akamwambia, na hiyo ni vile Mkamba anamwita mama yake.

Ilikuwa ni bahati tu, hiyo alikuwa hajafika kufuta. Akatafuta tangu asubuhi. Alimpata saa nane, sekunde nne peke yake: kijana ameegemea jembe, anapangusa jasho, anachekelea mtu haonekani. Mama akaomba irudiwe. Ikarudiwa mpaka laptop ikashika moto kwa magoti. Alienda, kesho yake akatuma papai mbili na mtu wa bodaboda.

Basi Muthoka akaacha kufuta. Sababu kwa mazishi ya mtu mmoja kuna watu mia tatu wazima, wanakula, wanasalimiana, na siku yao haijafika. Utafuta nani?

Alhamisi asubuhi akabeba ile laptop kama mgonjwa, akaipeleka kwa Aloys. Aloys anauza laptop za mitumba, zile zinatoka ng'ambo na alama za ofisi za wazungu bado ziko nyuma. Ni rafiki yake, yaani wanataniana wakikutana, kila mtu anaenda zake.

Aloys hakufungua kitu. Aliweka sikio tu. Ndani ilikuwa inalia tik, tik, inanyamaza, tik.

"Diski inakufa," akasema. "Toa vitu yako sasa, na ukishaanza kutoa usisimamishe. Hii ikizima mara moja haitaamka."

Akaweka mbili kwa meza, bei moja. Nyeusi ilikuwa na SSD, ile diski ya haraka, lakini ndogo, gigabaiti mia mbili hamsini na sita. Ilifunguka kabla Muthoka amalize kuvuta kiti. Ya kijivu ilikuwa na diski ya kuzunguka, terabaiti moja nzima, mara nne ya nyeusi, na hiyo ilikaa ikijifikiria mpaka Aloys akapokea simu, akagombana na mtu, akakata.

"Chukua nyeusi. Mnazika saa saba, saa kumi uko na video. Huyo Ndunda atarudi kwao."

"Na watu wangu nitawaweka wapi?"

"Watu gani? Hao walishazikwa, Muthoka. Unataka kuwazika mara ngapi?"

Muthoka akauliza kama hakuna yenye haraka na iko kubwa. Iko, ni bei ya ng'ombe ya maziwa. Aloys akamwambia achukue basi hiyo nyeusi na diski ya nje pole pole akipata. Hiyo Muthoka hakutaka kusikia. Aliwahi kuwa nayo, ikaanguka kutoka kwa meza, ikaenda na harusi za mwaka mzima. Aloys akashusha pumzi. Akamwambia achague basi, abebe wale wa maana, video mia mbili hivi zitaingia, wengine awaachilie.

Akajaribu. Hapo hapo kwa meza, akafungua ile orodha yake ya mazishi mia saba na kitu. Ya kwanza akasema hii ifutwe, iende. Ya pili iende. Ya tatu kulikuwa na kwaya ya wasichana, na mmoja alikuwa amesikia ni marehemu. Akaiwacha ibaki. Ya nne akafikiria wale wanaume wa kubeba jeneza, sita, ni nani anajua mama zao? Akarudi kwa ya kwanza. Aloys alienda kula githeri, akarudi, akampata bado hajapita ya nne.

"Nipe hiyo ya kijivu," Muthoka akasema.

"Wewe si mtu wa video. Wewe ni makaburi ya stima," Aloys akasema, na akamfungia waya ya kuhamishia kwa karatasi.

Kuhamisha kulianza Alhamisi saa sita. Ijumaa saa nne asubuhi ilikuwa asilimia sitini na moja. Muthoka alikuwa amekaa mbele yake akiangalia majina yakipita, na ndio Wavinya akaingia. Safari hii alikaa.

Aliona laptop mpya, uso ukafunguka. Muthoka ikabidi amwambie video haijaguswa.

"Si usimamishe hiyo kitu ufanye yangu?"

"Ikisimama hii ya zamani inakufa. Nipe mpaka Jumatatu."

"Ndani kuna nini?"

"Watu."

"Wanakulipa?"

Akatikisa kichwa. Wavinya akamwangalia, halafu akaangalia pazia, na sufuria moja iliyokuwa inaonekana chini yake. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. Akaomba ile kadi ya kamera, ataipelekea Ndunda. Muthoka akaitoa kwa droo, akamwambia hata Ndunda akiifanya, yeye nakala ya mzee Mbithi iliyo kwa laptop atabaki nayo.

"Ya nini?" Wavinya akauliza, si kwa ubaya.

Muthoka akaweka kadi kwa mkono wake. Akamshikia mlango. Viatu vya Wavinya vikasikika kwa ngazi, vikafika kwa fundi, vikaisha.

Simu ililia saa tano kasoro. Ilikuwa mwenyekiti wa bodaboda wa Kyumbi, wanachama wake thelathini wanataka kupigwa picha ndogo za beji, na leo. Picha ya uso haihitaji mashine ya haraka. Muthoka akasema anakuja. Akakunja kile kitambaa cha bluu cha kuweka nyuma ya mtu, akaweka tofali juu ya waya isisonge, akaangalia kioo cha laptop. Sitini na tatu. Akafunga kufuli, akashuka.