Nyongeza Haimo Kitabuni

Juzi pale sokoni Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama mmoja Mkongomani muuza maharage alikuwa akisikiliza simuni somo la uchumi wa kidato cha sita, ambalo mwalimu wake humtumia kutoka Mbarara. Mteja aliyenitangulia akapimiwa kopo lake, akabaki ameshika mfuko wazi.

"Mama, na nyongeza?"

"Nyongeza haiko mu kitabu. Muuzaji anatafuta faida."

Mteja akayamwaga maharage mezani, akaenda kwa jirani.

Mama akamrekodia mwalimu: "Mwalimu, hii somo yako inanifukuzia bateja!"

Jibu likaingia papo hapo: "Kwa mtihani andika ya kitabu. Lakini Jumamosi nakuja kununua maharage, na nyongeza yangu usisahau."

Nami, niliyekuwa nimeshapimiwa kopo langu na kuufunga mfuko wangu kwa adabu bila kudai nyongeza, nikaufungua tena.