Pampu ya Mama Bisibisi

Saa nane na robo mchana, fundi wa maabara ambaye shule nzima humwita Mama Bisibisi amesimama nyuma ya karakana, mikono yote miwili ameizamisha kwenye mifuko ya koti lake la bluu. Kijasho chembamba kinamtoka. Mbele yake pampu inanguruma, lakini ghorofani, kwenye mabomba ya kunawia mikono, hakuna hata tone.

Anajua shida iko wapi. Ameisikia kwenye mngurumo kabla wanafunzi hawajaiinamia mashine. Lakini kusema, ng'o.

"Mama, wasaidie basi," mwalimu mkuu anamwambia, jicho kwenye saa. "Viti vinakuja saa tisa."

"Visubiri, mwalimu. Nikiitengeneza mimi, hiyo itakuwa pampu yangu, si yao."

Mwalimu mkuu anataka stoo ya viti, na karakana ndiyo chumba alichokitupia macho. Aliipa klabu ya ufundi wiki tatu: ionyeshe kitu kimoja kinachofanya kazi, la sivyo chumba kinakwenda. Wanafunzi wakachagua kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi ghorofa ya pili.

Mama Bisibisi ana miaka hamsini na nane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu. Shule ina wanafunzi 1,140, na chumba cha kushika vyuma na nyaya ni hiki tu: meza nne, bisibisi kumi na moja. Yeye mwenyewe alimaliza shule bila kugusa waya.

"Mota tulichora ubaoni," anamwambia mwandishi wa habari hii huku akicheka. "Alama nilipata, tena nzuri tu. Siku ya kwanza kiwandani nikawasha pampu kavu, haina maji hata kidogo. Ikaungua. Fundi mkuu akaniuliza, 'Wewe dada, shule ulienda kufanya nini?' Nililia chooni."

Tangu aanze kufundisha ana sheria moja. Umeme anaukagua mwenyewe, hana mchezo nao. Mengine yote mwanafunzi apambane nayo. Wapo wazazi wanaomwona ana roho ngumu. Mumewe humtania kuwa hata nyumbani, chupa ikigoma kufunguka, mkewe humwuliza kwanza anadhani imegoma kwa nini.

Saa tisa, viti vya kwanza vinaburutwa koridoni. Kiongozi wa klabu, msichana wa kidato cha tatu ambaye wenzake humwita Profesa, anazima pampu, anaijaza maji upya, anawasha. Wapi! Machozi yanamlengalenga.

"Mama, nimechoka."

"Umechoka, sawa. Maji hayapandi kwa nini?"

"Kuna hewa inaingia."

"Inapitia wapi?"

Msichana anachomoka mbio hadi kwenye sinki, anarudi na povu la sabuni viganjani, anapaka kila kiungo cha mpira unaovuta maji. Kwenye kiungo cha tatu povu linafyonzwa ndani, fyuu.

"Hapa! Nipeni bisibisi!"

Wanakaza kibanio, wanaijaza pampu tena, wanawasha. Dakika moja inapita. Ya pili nayo. Mara huko juu zinapasuka kelele: "Yametoka! Yametoka, jamani!"

Mwalimu mkuu, aliyepanda kujionea mwenyewe, anashuka ngazi mkono wa shati umelowa hadi kiwikoni. Anawaambia wabeba viti wavirudishe vilikotoka.

Mama Bisibisi anajitupa kwenye benchi.

"Usije ukaandika kuwa nilikuwa mtulivu," anamwambia mwandishi. "Angechelewa kidogo tu, ningeushika ule mpira. Namshukuru mtoto wa watu, kanitangulia."

Na sasa ana mpango gani?

"Jumatatu tunaifungua yote. Nati moja moja."

Mwalimu mkuu anageuka, macho yamemtoka. "Mama! Si ndiyo kwanza imefanya kazi?"

"Kwa hawa, ndiyo, mwalimu. Kidato cha kwanza bado hawajaigusa."