Sofa zake kazificha Tiwi, mthamini kamuonyesha kitanda cha marehemu mamangu

Admin, salaam. Jina langu lifiche. La mume wangu usijisumbue sana, yeye anapenda kujulikana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina watoto watatu, naishi Ukunda na nauza mahamri na samaki wa kukaanga nje ya nyumba yetu. Mume wangu nitamwita Bwana Mkubwa, kwani ndivyo alivyowazoesha vijana wa ufuoni wamwite.

Bwana Mkubwa alikuwa na mashua yenye kioo chini, ya kuwatembeza watalii hadi kisiwa cha Chale. Nasema alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya watu. Ilikuwa ya benki, na ya fundi mmoja mzee wa Funzi aliyeiunda kwa mikono yake akalipwa nusu. Pesa za watalii zilipoingia hazikwenda kwa hao. Zilinunua sofa za ngozi, ambazo kwa joto hili letu ukikaa unainuka nazo, televisheni ya ukuta mzima, jenereta, na manukato ambayo ukiyasikia unajua deni linapita.

Benki ikaichukua mashua, madeni mengine yakabaki. Wakili wa Mombasa akamwambia aende mahakamani atangazwe mufilisi. Alimweleza nami nikiwapo: vyombo vya lazima vya nyumbani, kama sufuria na magodoro, ataachiwa, vingine vitathaminiwa, viuzwe, wanaomdai wagawane. Muhimu aseme kweli kuhusu kila alicho nacho. Bwana Mkubwa akaitikia "Inshallah" kwa sauti ya mcha Mungu kabisa.

Wiki haijaisha, akaleta lori la kanta. Sofa, televisheni na jenereta vikapakiwa mchana kweupe kwenda kwa dada yake Tiwi. Nikamuuliza, "Kwani tunahama?" Akacheka. "Wewe ni wa mahamri, mke wangu. Haya ya sheria niachie mimi."

Mthamini alipokuja, msichana mpole wa kutoka bara, sebule ilikuwa na mkeka na pazia tu. Mume wangu akasimama katikati, mkono kifuani, akasema, "Dada, haya ndiyo maisha yangu yote." Ningecheka kama si aibu. Msichana akaitazama misumari mitupu ukutani, akauliza kuhusu televisheni. "Tuliiuza zamani, tulipokosa chakula," akajibu. Nyumba hii haijakosa chakula hata siku moja, kwa sababu chakula nanunua mimi!

Nadhani mume wangu aliona nyumba imekuwa tupu mno hata mtoto hawezi kuamini. Basi akafungua chumba cha kulala, akamuonyesha kitanda changu cha samadari. "Hiki ni mti wa zamani, kina bei nzuri." Kitanda hicho ni cha marehemu mamangu. Kililetwa na watu wa kwetu nilipoolewa, na huyu huyu Bwana Mkubwa alikuwa akikicheka mbele ya marafiki zake, akikiita jeneza la miguu minne.

Msichana akanigeukia. "Mama, hii kitanda ni ya nani?"

"Ni cha mamangu. Nilikuja nacho."

Mume wangu akadakia, "Mali ya mke na mume ni moja."

Ni moja! Zile sofa hazikuwa moja. Nilikuwa nikifukuzwa juu yake nisizitie harufu ya samaki. Msichana akasema ataandika kwamba nadai kitanda ni changu, wakili atatuuliza.

Sasa wakili ananitaka Alhamisi nikaape kwamba hakuna kitu kilichotolewa humu ndani. Na mume wangu, bila haya, ananipigia bei. "Ukiapa, nitakiri kitanda ni chako."

"Na nisipoapa?"

"Basi kitauzwa, na talaka yako nitakupa."

Anaitaja talaka kama anayemtishia mtoto kumnyima peremende. Miaka kumi na tisa nimemfulia mashati na bado anadhani yeye ni tuzo.

Kinachonizuia ni binti yetu mkubwa, anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Yeye humwona babake kama mwezi. Wifi amempigia simu akamwambia mamake anataka kumfunga babake jela, na tangu hapo mtoto hali wala hasomi, ananitazama tu. Wakili naye amesema kweli, kuidanganya mahakama kunaweza kumfikisha mtu huko.

Jana akaja yule fundi wa Funzi. Bwana Mkubwa alimwona dirishani akajifungia chumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yuwapi?"

Nikasema katoka. Mzee akavua ndara, akaitazama sebule, akakaa mkekani. Nikajua anataka pesa yake, na ni haki yake. Kumbe wapi. Akatoa samaki wanne aina ya changu kwenye kikapu. "Nimesikia mmeuza hadi viti. Mitihani ni ya Mungu. Nimewaletea kitoweo, watoto wasilale hivi hivi." Akanywa chai, akatuombea dua, akaenda zake. Deni lake hakulitaja.

Mume wangu akatoka chumbani akiwa ameshaisikia harufu. Akaniambia niwapake nazi. Akala wawili peke yake, akafyonza na vichwa, akajifuta mdomo akasema, "Yule mzee hana neno. Huyo hata tusipomlipa hatasumbua."

Wenzangu, Alhamisi nitapewa Msahafu mkononi. Nikisema kweli, mwanangu huenda asinisamehe. Nikisema uongo, nakiokoa kitanda cha mamangu, na kila usiku ubavuni mwangu atalala huyo. Mliowahi kuolewa na mtu mkamwona hivi, niambieni: nishike lipi?