Wameanza na Wazee

Mama yangu ndiye mchanjaji wa kuku wa kijiji chetu, upande wa Mvumi. Bwana mifugo alimfundisha, akamkabidhi kazi, na mpaka leo kila baada ya miezi mitatu anapita nyumba kwa nyumba alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Kichupa cha dawa ya mdondo amekiviringisha kwenye kitambaa kibichi, kila kuku anadondoshewa tone moja jichoni. Mwenye nyumba akileta ubishi anasemwa mpaka anakoma. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mzee mzima kwamba asiyechanja kuku ni mvivu, na tena ana roho mbaya kwa jirani zake.

Sasa mtu wa namna hiyo, chanjo ya korona ilipofika zahanati, akakataa.

Niliomba ruhusa kazini Dodoma mjini, nikafika nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Mama ana kisukari. Dada yake, mama mkubwa wangu, aliyekuwa akiishi naye tangu afiwe na mume, alikuwa na pumu. Sikuwa naomba kitu kingine duniani ila hawa wawili wachanjwe. Baada ya shikamoo tu nikaanza. Nikaeleza kwa upole, nikaeleza kwa picha za kwenye simu, nikaeleza kwa Kigogo changu kibovu. Mama alikuwa anachambua mlenda, mama mkubwa kakaa pembeni yake. Nilidhani mama atanitajia uvumi wa mitandaoni, na majibu yake nilikuwa nayo tele. Wapi! Akaja na la kwake.

Akasema yeye amechanja miaka, anaujua utaratibu. Dawa ikiwa chache, mfugaji anaanza na ndama. Ng'ombe aliyezeeka hapotezewi dawa, huyo anangoja mnunuzi. Hawa wa zahanati wametangaza wenyewe kwamba dozi ni chache, halafu wanaita wazee kwanza, vijana wangoje.

"Mfugaji gani anaanza na wazee wa zizini? Niambie, mwanangu. Kama si ya kutujaribishia, ni ya nini?"

Jamani, nilichemka. Mwanamke anayegombana na kijiji kizima kwa ajili ya kuku! Badala ya kumeza mate na kufikiri, nikaropoka kwamba wanaanza na wazee kwa sababu wazee ndio wanaokufa.

Mama akanyanyua ungo wake akaingia ndani. Mama mkubwa akanitazama, akafungua mdomo kama mwenye neno, kisha akamfuata mdogo wake. Kesho yake alfajiri nikarudi mjini nimenuna, njia nzima najipa haki.

Hazikupita wiki nyingi. Mama mkubwa alianza na kikohozi, akalazwa, akawekewa oksijeni, siku ya tano akatutoka. Nilikwenda kuzika nikiwa na hasira kuliko huzuni, nasema wazi. Ile "si nilikuambia" ilinikaa kooni siku zote za matanga, na kila nilipomwona mama akipokea wageni ilitaka kutoka.

Siku ya kuondoka nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha marehemu, anajishika bega. Alikuwa ametoka zahanati asubuhi ile, peke yake, hakumuaga mtu. Nikamwambia afadhali. Ndilo neno lililonitoka, afadhali, na nililitoa kwa ukali.

Hakugeuka kunitazama.

"Siku ile ulipotuwakia, dada alisema kesho twende tukachanjwe," akasema. "Alishatoa mpaka kanga ya kutokea. Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye najua mambo ya chanjo. Nikamwambia asubiri."