Nilimtungia Mkwe Mabao

Nimekosa. Nasema mapema ili msipoteze muda kunitafutia utetezi. Hakuna aliyenituma wala aliyenirubuni, na nadhani hata shetani angeona haya kuhusishwa na jambo la kijinga kama hili. Nilimdanganya mzee wa watu msimu mzima, tena kuhusu mpira wa barafu. Mpira wa barafu, jamani! Mchezo ambao hata mpira wenyewe hauna.

Jina langu niachieni mwenyewe. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi hapa Dallas, na kazi yangu ni kuendesha gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha majumbani. Katika gari hilo ndimo nilimojuana na mzee nitakayemwita Mzee Haji, Mzanzibari, anayeishi mtaa wa Vickery Meadow na binti yake. Mkewe alifariki kabla hawajahamia huku. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, watu anawaona kama vivuli vinavyopita, na Kiingereza chake kinaishia kwenye kushukuru.

Binti yake nitamwita Rukia. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya jioni, na anacheka kwa sauti hadi majirani wanagonga ukuta. Nilimpenda siku ile ile aliponifungulia mlango nimrudishe babake. Sina haja ya kuzunguka.

Basi nikawa msomaji wa Mzee. Barua za hospitali, maelezo ya dawa, tarehe za kumwona daktari, yote nikisoma mimi. Hospitali wana mkalimani wa simu, lakini Mzee hamtaki kabisa.

“Yule anazungumza kama anasoma taarifa ya habari,” alikuwa akisema. “Nisomee wewe, mwanangu.”

Nikamsomea. Kila barua na kila tone la dawa ya macho nililisoma kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hilo naomba mlikumbuke, kwa sababu hapa nilipo ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kujisifia.

Sasa, huo mpira wa barafu. Mzee Haji ujanani alikuwa golikipa kwao Unguja. Alipofika Marekani akasikia kuna mchezo ambao golikipa anavaa magodoro mwili mzima na kurushiwa kisahani kigumu mchana na usiku, akasema hapo ndipo kazi ya golikipa inapoheshimiwa. Haoni, lakini anasikiliza. Timu ni ya hapa hapa Dallas. Jina lake silitaji, aibu ya msimu ule inawatosha.

Siku ya kwanza nilipokaribishwa ndani ilikuwa mechi ya mwanzo wa msimu. Nikapewa kahawa na kashata, nikaketi, nikawa namfasiria anachosema mtangazaji. Timu ikashinda nne moja. Mzee akapiga paja lake kwa furaha.

“Rukia! Mtoto huyu ana mguu wa heri!”

Ole wangu! Nyinyi wa pwani mnajua maana ya maneno hayo. Mgeni akiingia nyumbani na heri ikafuata, mguu wake unatakiwa. Ikifuata shari, huo ni mguu wa nuksi, na sijasikia mzee wa Kizanzibari aliyemwozesha binti yake mguu wa nuksi, sembuse wa Mmombasa.

Mara ya pili nilipoingia, timu ikafungwa tatu bila. Mzee akanigeuzia uso pale nilipoketi, kama anaitazama miguu yangu gizani. “Labda ni bahati mbaya tu,” akasema. Ile “labda” ililala na mimi siku nne.

Mara ya tatu zikabaki dakika chache na tumeshafungwa tano mbili. Mzee akauliza kama kawaida yake, “Ngapi ngapi?”

Ulimi wangu ukasema, “Tano mbili, Baba. Tunaongoza!”

Ndivyo nilivyoanza. Wala sikutetemeka. Ningetetemeka labda ningeacha.

Kumbe nilikuwa nimeingia kazi ya pili isiyo na likizo. Timu ikawa inafungwa nyumbani, inafungwa ugenini, inafungwa na timu ambazo zenyewe zilikuwa zinafungwa na kila mtu. Kwetu sebuleni tulikuwa tunatisha. Golikipa wa timu ambaye Mzee alimpenda aliwekwa benchi mapema sana, lakini kwangu aliendelea kuokoa hatari hadi msimu unaisha. Nilimpa hata jeraha dogo la goti ili ushujaa wake uonekane.

Tatizo likawa honi. Timu ya nyumbani ikifunga, uwanjani hulia honi kubwa, na Mzee masikio yake mazima.

“Mbona leo tumefunga matatu na honi haijalia?”

“Imeharibika, Baba.”

“Nchi yote hii hakuna fundi wa honi?”

Wiki mbili nilimwambia fundi hajapatikana. Baadaye nikaona nifunge mlango kabisa, nikamwambia watangazaji wa siku hizi wanatukana matusi ya nguoni. Mzee mcha Mungu yule akainua mkono. “Zima sauti, zima! Nitangazie wewe.” Tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye uwanja, mimi ndiye refa, mimi ndiye honi.

Na Mzee akaiombea timu dua. Kila baada ya Magharibi anainua mikono, anaiombea idumu katika ushindi, na mimi pembeni naitikia amina. Nilijua ninaitikia nini. Nilikuwa naona haya, sikatai, lakini Rukia alishaanza kuniachia chakula kwenye jiko na karatasi ndogo imeandikwa usisahau kula, na kila nikiisoma ile karatasi haya zinapungua.

Mwishoni Mzee akanambia, “Msimu ukiisha, lete wazee wako. Siku ya mechi ya mwisho. Tule, tutazame, tuzungumze.”

Nilikaribia kulia kwa furaha. Posa yangu imekubaliwa kusikilizwa! Nikampigia ami yangu anayekaa Missouri City, kule Houston, naye akakubali kuendesha saa nne nzima kuja kuniposea. Nikapanga mambo yangu vizuri: tukishaoana nitaiondoa timu kwa heshima kwenye mtoano unaofuata msimu, kwa bao la dakika za mwisho, Mzee asononeke siku mbili yaishe. Nyinyi mnaosoma mnacheka. Mimi nilikuwa nimeshachagua hadi mfungaji.

Wiki moja kabla ya siku hiyo ikaja zamu ya Mzee ya operesheni ya jicho la kulia. Nilimpeleka mimi. Nikamsomea karatasi ya ridhaa mstari kwa mstari, akatia saini nilipomwonyesha kwa kidole. Daktari akasema ataona ukungu siku kadhaa, kisha litaanza kusafika. Nilifurahi kwa dhati. Nilimshika mkono hadi garini, nikamfunga mkanda, nikamwendesha polepole kama nimebeba mayai. Na wala haikunipitia akilini kwamba jicho likiona, linaona na televisheni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Ami kaja na kanzu yake iliyopigwa pasi, Rukia yuko jikoni anapakua biriani, Mzee ameketi kitini na miwani nyeusi ya hospitali. Televisheni iko mbele yetu, kimya kama desturi yetu. Ami na Mzee wakaanza mazungumzo ya kiungwana, nani wa wapi, nani kazaliwa na nani. Mimi nilikuwa naangalia mlango wa jikoni.

Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa shuka yake taratibu. Kisha akauliza, “Ngapi ngapi?”

Mazoea, ndugu zangu! Hata kichwa sikukigeuza. “Mbili bila, Baba. Tunaongoza.”

Ami yangu akakohoa. Nikageuka. Kwenye kioo kulikuwa na sita na moja, maandishi makubwa kama mlango.

“Mimi naona sita na moja,” Mzee akasema. “Na nadhani moja ndiyo yetu.”

Hapa ndipo nilipofanya kosa lililo kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na hili silitanii. Nilimwambia, “Baba, jicho bado halijatulia. Linakuchezea.”

 Mzee aliliziba lile jicho bovu kwa kiganja, akageukia kalenda iliyotundikwa ukutani, ile ya duka la nyama ya halali, akasoma namba zote za mwezi, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. “Nimekosea wapi?” akauliza.

Rukia akatokea na sinia mikononi. “Baba, unaona sawa. Hawa wamesha-lose zamani, hata playoffs hawaingii. Kazini kila mtu huwacheka. Kwani hamjui? Si nyinyi mna-watch kila siku?”

Hakujua kitu, maskini, karibu jioni zote za mechi alikuwa kazini. Alikuwa anasema ukweli tu, kama watu wengine wanavyosema.

Mzee akatikisa kichwa. “Kumbe ndiyo maana. Msikitini nikiwahadithia ushindi wetu, vijana wanacheka wanasema Mzee Haji ana utani. Nikadhani wananipenda.”

Nilitamani zulia linimeze. Nikaanza kueleza habari ya mguu, kwamba niliogopa, kwamba nilimtaka binti yake kwa heri. Maneno yakatoka yameshikana hovyo. Mzee akanikatisha, tena kwa upole.

“Hebu nambie. Mtu aliyenibadilishia mabao, kwenye karatasi za daktari alinisomea nini?”

“Ilivyoandikwa, Baba! Wallahi, ilivyoandikwa!”

“Nimetia saini jicho langu kwa mdomo wako,” akasema. “Rukia, zilete.”

Rukia akaweka sinia chini, akaleta mfuko wa karatasi, akaketi kwenye zulia. Akasoma zote. Ya kwanza mpaka ya ridhaa, na kila moja anamwuliza babake, “Alikwambia hivi?” na Mzee anajibu, “Ndivyo.” Biriani ikapoa. Timu ikafungwa la saba, hakuna aliyetazama isipokuwa ami yangu, naye kwa kukosa pa kuweka macho.

“Zote sawa, Baba,” Rukia akasema mwishoni. Sauti yake ilikuwa na matumaini kidogo, na mimi nikayadaka.

“Nimesikia,” Mzee akajibu. “Lakini imebidi zisomwe tena.”

Kisha akamgeukia ami. “Bwana, umetoka mbali, umetuheshimu. Kula chakula. Hilo jingine tuliache.”

Mlangoni Rukia alinifuata. Hakunitukana, na heri angenitukana. “Ungesema tu wamefungwa,” akanambia. “Baba amefiwa na mama, amehama nchi, amepofuka. We ulidhani hawezi ku-handle mpira?”

Nilivaa viatu, nikamfuata ami garini. 

Ami alirudi Houston na biriani yake imefungwa kwenye karatasi ya foili. Kabla hajawasha gari akasema, “Saa nne kuja na saa nne kurudi, nimekuja kusikiliza matokeo.” Mtu wa maneno machache, lakini huyaweka mahali pake.

Jicho la pili la Mzee lilifanyiwa operesheni mwaka huo huo. Hakupanda gari langu. Nasikia sasa anasomewa na yule mkalimani wa simu, yule wa taarifa ya habari, na hamlalamikii tena. Na Rukia ameposwa. Na mtu wa Houston! Aliyenipa habari hizo alinambia Mzee alipoulizwa kwa nini mbali hivyo, alijibu kwamba Houston hakuna timu kubwa ya mchezo ule, kwa hiyo hakuna cha kumdanganyia. Nilicheka. Halafu nikaegesha gari pembeni ya barabara nikakaa mpaka nilipoweza kuendesha tena.

Ajabu ni kwamba mimi, niliyekuwa siujui mchezo, sasa siwezi kuuacha. Naketi peke yangu, nimewasha sauti yote, nasubiri honi. Msimu mpya ulipoanza nikaanza kumwandikia Mzee matokeo kwenye simu baada ya kila mechi. Matokeo matupu, bila salamu ndefu, bila kujitetea. Tumefungwa mbili moja. Tumefungwa nne tatu. Tumeshinda, nayo niliogopa kuiandika nikaiandika. Alama za kuonyesha kasoma zinatokea, jibu halitokei.

Juzi tumefungwa tano bila, nyumbani. Nikamwandikia hivyo hivyo: Baba, tano bila, tumefungwa sisi. Safari hii akajibu, neno moja.

“Nimeona.”

Basi wewe unayesoma haya, labda nawe kuna mzee anakutegemea umsomee barua, umfasirie daktari, umwambie kinachoendelea kwenye kioo asichokiona. Usimhurumie, na zaidi usijihurumie wewe. Akikuuliza ngapi ngapi, geuza kichwa utazame, kisha mwambie ngapi ngapi.