Kelele za Mama kwenye Kaseti

Nilishuka kutoka Uru hadi Moshi mjini na mfuko wa kaseti. Kwa mtu kama mimi, ambaye safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, ilistahili kutangazwa kanisani. Redio kaseti yangu ilikuwa imeanza kutafuna utepe, na fundi mmoja karibu na soko alikuwa akihamishia nyimbo kwenye CD.

Ujanani tulirekodi nyimbo za redioni kwa kuegesha redio kaseti mbele ya redio ya baba, nyumba nzima imeamriwa kunyamaza. Kuku walielewa. Mama hakuwahi kuelewa. Gitaa limekolea, mara anasikika kutoka jikoni: "Wewe! Ng'ombe watakula hiyo redio? Majani umekata?" Ndama naye anaitikia bandani. Nilikuwa nanuna mpaka jioni, wimbo wangu umeharibika.

Alipofariki, sauti yake haikubaki kwingine ila kwenye kaseti hizo. Picha zipo, lakini kwenye picha mama alisimama kama anaapishwa, midomo imebanwa.

Nilipofuata CD yangu, fundi alinipokea kwa kicheko. "Shikamoo, mzee!" Hiyo "mzee" niliimeza kwa shida. "Kaseti zako zina ng'ombe ndani! Nimekuondolea aibu. Nyimbo zilezile ninazo kwenye kompyuta, safi kabisa. Nimekuwekea hizo."

Akaicheza. Gitaa likalia vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia. Nikapasubiri mahali pa mama. Wimbo ukapita pale bila kusimama.

"Kaseti ziko wapi?"

"Si hizi hapa. Unazitakia nini tena?"

"Nataka yenye ng'ombe. Na huyo mama anayepiga kelele."

"Mzee, watu wananilipa niondoe kelele!"

"Mimi niachie."

Alitikisa kichwa, akaitumbukiza kaseti, tukakaa tukisubiri kompyuta imeze wimbo mzima. Mama alipofika, akauliza swali lake. Fundi akapunguza sauti haraka, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa.

"Kwani majani ulikata?" akaninong'oneza.

"Wimbo ulipoisha."

"Ndiyo maana alikuwa mkali."

Jioni hiyo nyumbani niliiweka CD, nikajinyoosha kwenye kochi, kazi ninayoiweza. Mama akauliza tena. Banda letu lina miaka halijaona ng'ombe, lakini nilikuwa nimeshasimama, natafuta mundu uko wapi.