Kifurushi Chenye Kitanzi

Kila Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, wanawake wa kilimani kwetu Kimuli walikuja nyumbani kwangu kufunga senene wa waume zao. Sikuchaguliwa na mtu yeyote. Nilikuwa na baraza pana iliyoezekwa kwa bati, na nilikuwa na mdomo. Vitu hivyo viwili vinatosha kukufanya mwenyeji. Walifika baada ya chakula cha mchana, vikapu kichwani, wakavua kandambili, nikawapa chai ya tangawizi ambayo mara nyingi haikuwa na sukari, kwa sababu miaka ile sukari ilikuwa hadithi. Tulikaa juu ya mikeka tukifunga na kusengenya mpaka ng'ombe warudi.

Asiyejua desturi yetu nimweleze. Senene, panzi wale wa kuliwa, huanguka na mvua za vuli. Asubuhi na mapema majani huwa yamejaa, na kazi ya kuwaokota ni ya wanawake na watoto. Unawanyonyoa mabawa na miguu, unawachemsha kwa chumvi, unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, unawaanika. Kisha unachagua walio wazuri, unawafunga ndani ya ebyai, yale maganda makavu ya mgomba, na unampa mumeo. Naye kwa Krismasi anakununulia nguo. Mwanaume aliyekula senene bila kununua nguo, habari zake zilifika kanisani kabla yake.

Kuna kufunga na kufunga. Kifurushi cha baba yako, cha mchungaji au cha mgeni kilifungwa ncha zote mbili kikawekwa kapuni. Cha mume kilikuwa na kitanzi juu, kwa sababu kilitundikwa kwenye msumari anapotundika koti lake. Mwanamke alifunga kitanzi kimoja tu kwa mwaka. Msichana hakufunga. Mjane naye hakufunga, isipokuwa awe amekubali kurithiwa na ndugu wa marehemu. Kwake kitanzi kile ndicho kilichokuwa jibu, na hakuna aliyemtarajia aseme kwa mdomo. Na kikishafungwa, aliyekifunga hakifungui, maana kukifungua ni kumtakia kifo aliyefungiwa. Anayekifungua ni anayekula, basi.

Mume wangu alikufa kiangazi cha mwaka ninaousimulia. Ilikuwa homa ya ghafla, ikaanza Jumapili akiwa anaimba kwaya, na kabla ya Jumapili nyingine tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake. Sikulia. Walionizunguka msibani walinong'ona kwamba nina moyo wa jiwe. Laiti ningekuwa nao hata huo wa jiwe. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima. Nilikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yangu. Nilianika kahawa, nikapalilia maharage, na mara nyingi nilishtuka jembe liko mkononi na shamba limekwisha, sikumbuki nilianza saa ngapi. Mikono yangu ilikuwa inaishi, mimi sikuwepo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakisikia hadithi ya mjane na shemeji hutafuta shetani haraka. Alikuwa na mke wake na mji wake ng'ambo ya bonde, na bado alikuja kupogoa migomba yangu na kuziba bati lililovuja. Mvua zilipoanza alikuja na kitenge kipya, cha rangi ya zambarau, kile cha kupitishwa mpakani kwa njia za porini, kwa kuwa dukani hapakuwa na hata kipande cha kitambaa cha marekani. Akakiweka juu ya kiti, akasema ni cha Krismasi. Nguo ilikuwa imetangulia senene. Nikaiweka juu ya sanduku chumbani, sikuivaa wala sikuirudisha.

Nilijua kitenge kile kinauliza nini. Nikikubali, ningekuwa mke wa pili na kubaki kwangu. Nikikataa, ukoo ungeweza kunirudisha kwa baba yangu Kihanga, na watoto wangebaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo na kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba yake, ni cha ukoo. Mwanamke mwenye akili zake angekosa usingizi. Mimi nililala fofofo. Ungeniuliza ninataka nini ningekujibu "sawa", na ungeniuliza tena kwa kuligeuza swali ningekujibu vilevile.

Shughuli ya kufunga senene mwaka ule niliiacha iendelee kwa uvivu tu. Kuivunja kulihitaji kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu wasije, na sikuwa na nguvu za kutembea. Kwa hiyo wakaja.

Alikuja jirani yangu wa bondeni, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani kufanya vibarua kwenye kahawa wakabaki. Alikuwa na vidole hodari kuliko sisi sote. Vifurushi vyake vilikaza mpaka ukigonga vinalia. Alikuja mke wa mwalimu na karatasi yake ya nyota, iliyotoka kwenye mzigo wa wamisionari miaka mingi nyuma. Alifungia ebyai zake ndani ya karatasi ile, mumewe akaifungua polepole bila kuichana, akaipiga pasi, akaihifadhi mpaka Krismasi nyingine. Tulimcheka kila mwaka na kila mwaka tuliiomba tuishike. Alikuja pia bibi harusi aliyeolewa mwaka huohuo, akitokea Rugu, mgeni wa mambo yetu mengi, ambaye angefunga kitanzi chake cha kwanza. Alikuwa anakaza kamba kupita kiasi, wenzangu wakamwambia alegeze, mume wake anakula senene, hali kamba.

Na alikuja mama mkwe wangu. Huyo hakuwahi kuja. Aliishi katika kijumba chake upande wa pili wa uwanja wangu, na siku za kufunga senene alikaa kwake. Wanawake wa rika lake hawakula senene. Waliambiwa tangu utoto kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, wakaamini. Sisi tulikuwa tumewala kwa siri tangu usichana na watoto wetu walikuwa na vichwa vya kawaida, lakini yeye hakuwahi kuweka hata mmoja mdomoni. Alikuwa mwanamke mkavu, mchache wa maneno. Tangu niolewe sikuwahi kusikia sifa kutoka kwake. Alichoniambia kuhusu mapishi yangu ni kwamba ninazidisha chumvi.

Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja. Akaitikia, akaketi karibu na mwimo wa mlango, akaanza kuchana ebyai kutengeneza kamba. Hakuna aliyeuliza kwa nini amekuja. Shemeji alikuwa nyuma ya nyumba, panga lake linasikika kwenye migomba, na mama yake ameketi mlangoni. Nilidhani ametumwa kuangalia mikono yangu. Hata hilo halikuniudhi.

Mwanzoni wenzangu walizungumza kwa kunyata, wakilikwepa neno "mume" utadhani ni mavi ya kuku njiani. Kisha wakasahau, na nilifurahi walivyosahau, kama kufurahi ndilo neno. Mke wa mwalimu alisimulia jinsi mumewe alivyonunua gauni kwa macho bila kipimo, likamkaa binti yao wa darasa la tano. Jirani akasema wake aliwahi kumletea gauni zuri sana, tatizo ni kwamba lilikuwa na jina la mwanamke mwingine limedariziwa kwenye kola. Mvua ikaanza kwenye bati, tukapandisha sauti. Nilicheka mahali pa kucheka. Nilifunga kifurushi cha baba yangu, nikafunga cha mchungaji, nikafunga cha shangazi wa watoto. Hicho ndicho ninachokumbuka.

Halafu bibi harusi akapiga kigelegele.

Niliinua macho kuona anamshangilia nani. Jirani alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mke wa mwalimu alikuwa ananitazama mapajani, nami nikatazama huko. Kifurushi kilikuwa pale, kirefu, kimekazwa vizuri, na juu yake kitanzi. Nilikuwa nimechagua senene wanene kuliko wote. Nilikuwa nimetia kipande cha tangawizi kavu katikati, kama alivyopenda, na kamba nilikuwa nimeizungusha mara tatu kwa sababu msumari wa koti lake ulikuwa na kichwa kikubwa. Mikono ilikuwa imefunga kama ilivyofunga kila mwaka. Haikuwa imeambiwa.

Mke wa mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Hongera, dada." Hakusema kwa furaha.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kukifungua sikuweza, na bibi harusi maskini, aliyetaka tu kunifurahisha, alikuwa ameshakitangaza bonde zima. Panga nyuma ya nyumba lilikuwa limenyamaza. Shemeji akatokea kwenye kona, analowa, anafuta mikono kwenye suruali. Akamwamkia mama yake, akatusalimu sisi. Akakiona. Uso wake ukalegea, na nikagundua kwamba naye alikuwa na wasiwasi siku zote hizo, kwamba labda naye alikuwa ametumwa na ukoo kama kitenge chake.

Ningempa. Nasema kweli. Angenyoosha mkono ningekiweka kiganjani mwake, kwa sababu mkono ulionyooshwa huwekewa kitu, na maisha yangu yote yaliyobaki yangepita pale bila mimi kuwepo. Alikuwa ameshaanza kuunyoosha.

"Lete hapa," mama mkwe akasema.

Alikuwa ananiambia mimi. Nikaenda kwa magoti hadi mwimoni, nikampa kwa mikono miwili. Akakigeuza, akapima uzito wake, akavuta kitanzi kuona kama kimekaza.

"Umemfungia nani?"

Nilijua jibu ambalo kila mtu alilitarajia, na mdomoni nilikuwa na "sawa" yangu ya kila siku. Lakini swali lile halikujibika kwa "sawa".

"Nimemfungia baba watoto, Mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizwa njia naye anaijua.

"Huyo hatakuja kula, waitu, mwanangu," akasema.

Kisha akakata kamba kwa meno. Akafungua ebyai juu ya kanga yake, akaweka kando kile kipande cha tangawizi, akachukua senene mmoja, akamtia mdomoni. Mbele ya mwanawe. Bibi kizee aliyezaa na kuzika bila kuwaonja, anatafuna kwa meno yake machache, macho yamekaza uwanjani. Shemeji alirudisha mkono wake.

Akameza. Akampa jirani, akampa mke wa mwalimu, akampa bibi harusi ambaye alipokea kwa hofu. Walikula kwa sababu hakuna aliyethubutu kukataa. Kifurushi kilikuwa kimepata walaji, na hapakuwa na kitu kilichobaki cha kutundikwa kwenye msumari wa mtu yeyote. Ndipo akamgeukia mwanawe, akamwambia kwa lugha ya nyumbani, polepole ili sote tusikie, kwamba kitenge kile akamvike mke wake, na kwamba kibanja hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ni mama wa wajukuu zake, iwe yeye bibi yao yu hai au yu kaburini. Shemeji aliitikia kwa heshima. Niliingia chumbani, nikakitoa kitenge juu ya sanduku, akakipokea bila kunitazama, akakificha ndani ya shati kisilowe. Nadhani alishuka bonde akiwa mwepesi kuliko alivyopanda.

Nilirudi kuketi. Senene wachache walikuwa wamebaki. Mama mkwe akawasogeza upande wangu, akapangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Chumvi nyingi," akasema. "Miaka yote nilimwambia mwanangu, mkeo anazidisha chumvi. Akaniambia, mwache, ndivyo ninavyopenda."

Mume wangu hakuwahi kuniambia hilo. Miaka yote ile alikula akanyamaza, nami nikadhani chakula changu ni chakula tu. Nikachukua senene mmoja, nikatafuna. Kitu kilianzia chini ya mbavu, kikapanda, nikaona aibu mbele za wageni, kikapanda hivyohivyo. Nililia nikiwa natafuna. Jirani alinishika mgongo, mama mkwe aliendelea kuchana ebyai. Nililia kilio chote cha kiangazi kile mpaka nguo yangu ikalowa kifuani, na katikati ya kilio nilimwonja yule senene, kitu cha kwanza nilichokionja tangu tumzike. Chumvi ilikuwa imezidi kweli.